Barabara ya kaskazini: uzuri wake haujazi sahani Katuba

Katika komini ya Katuba, mjini Lubumbashi, mtu anaweza kuamka Upemba, akapita Kisale, akakatiza Lufira na kufika Bukama kwa miguu, jua halijawa kali. Ni majina ya kartie. Yametokana na maziwa, mito na miji ya Katanga, na mengi kati yake yako mbali, upande wa kaskazini. Kuna watu wazima leo waliozaliwa Kisale, wakaoa Kisale, wakazaa Kisale, na hawajaliona ziwa Kisale hata siku moja. Si kwa kukosa hamu. Katuba, nyumba nyingi zina mjomba, shangazi au shemeji huko juu: Bukama, Malemba-Nkulu, Pweto, Moba, Kalemie. Kinachokosekana ni njia ya kwenda na kurudi kwa nauli inayolipika na kwa siku zinazohesabika.

Kila kiangazi kinapoanza, simu za vijana wa Lubumbashi hujaa picha. Ukingo wa Kundelungu asubuhi, ukungu ukiwa umelala chini kama pamba. Ziwa Mweru jioni. Mteremko wa Marungu, na Tanganyika ikionekana chini kabisa, bluu, bila mwisho. Halafu, katikati ya picha hizo, kuna lori lililozama kwenye matope hadi kwenye taa, abiria wamekaa kando ya njia wakipika bukari. Watu hucheka, husifu, husema Congo ni nzuri. Ni kweli, ni nzuri. Lakini lori lile si sehemu ya mandhari.

Barabara ya kitaifa nambari 5, ile RN5, ndiyo inayounganisha Lubumbashi na Pweto, Moba na Kalemie, kisha inapanda hadi Fizi, Uvira na Bukavu. Kuna aina mbili za maneno ambazo zimeisaidia kubaki ilivyo. Ya kwanza ni maneno ya safari ya kishujaa. Mgeni mwenye jeep, mafuta ya akiba na simu ya setilaiti huisifia njia hii kwa sababu ni ngumu. Siku mbili za kukwama kwake ni hadithi ya kusimulia. Kwa mama aliyenunua magunia ya ndakala kwa pesa ya likelemba, siku mbili ni mtaji unaooza. Maneno ya pili ni ya lami. Uchaguzi ukikaribia, lami hutandikwa mdomoni kutoka Lubumbashi hadi Kalemie bila hata shimo moja. Na kwa sababu lami ya mamia ya kilometa ni ghali kweli, kila kitu kidogo huwekwa kando kuisubiri. Daraja la mita kumi lililokatika haliguswi, kwani lami inakuja.

Kinachohitajika kwanza ni kidogo kuliko lami, na ndiyo maana ni vigumu kusamehe kwamba hakifanyiki. Barabara ya udongo haiharibiki yote mara moja. Inaharibika kwenye mita mia moja hapa, mita hamsini pale: mahali pa tope, mahali pa mteremko, mahali pa mto mdogo. Lori linaweza kukimbia saa nne kwenye udongo mgumu, kisha likalala siku tatu mbele ya shimo moja. Safari nzima inapimwa kwa shimo hilo.

Inafaa kuifuata njia yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoizungumzia hawajui inakopita.

Lubumbashi iko kwenye mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mjini, RN5 inaelekea kaskazini-mashariki ndani ya pori la miombo: miti ya kimo cha kati, moshi wa tanuru za makala, baiskeli zilizopakiwa magunia mpaka mwenye kuisukuma haonekani. Hizo kinga ndizo malori ya maskini. Zinaleta mjini makala, mihogo na mahindi, na zina faida moja ambayo lori halina: zinaweza kubebwa mabegani kuvuka mahali pabaya.

Kasomeno ni njia panda. Ukikata kulia unakwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, ambako samaki wamekuwa wakitoka kulisha mji tangu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Ukinyoosha kaskazini, nyanda za juu za Kundelungu zinasimama upande wa kushoto kama ukuta, na bonde la Luapula linafunguka upande wa kulia. Kundelungu inapanda hadi karibu mita 1,700. Juu yake kuna hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1970, na ndani yake maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300, miongoni mwa marefu kabisa barani Afrika. Ukiuliza Katuba, wanaoyajua maporomoko ya Victoria kwa jina ni wengi kuliko waliofika Lofoi, ingawa Lofoi iko ndani ya jimbo lao la Haut-Katanga.

Kisha unafika ziwa Mweru, chini zaidi kuliko Lubumbashi, kwenye mita zaidi kidogo ya 900. Kilwa, Lukonzolwa, Pweto: ni miji na vijiji vya kando ya maji. Hapa ndipo dereva mgeni hupunguza mwendo kwa ajili ya kutazama, na dereva mwenyeji hupunguza kwa ajili ya vijito. Kila kijito kinachotoka mlimani kinataka kufika ziwani, na barabara imelala kati yao. Mahali ambapo mabomba ya simenti ya kupitisha maji, yale ambayo mafundi huyaita buse, yameziba au yamevunjika, maji hupita juu, yanakula udongo, na baada ya mvua mbili tatu kunabaki bonde jipya.

Ng'ambo ya ziwa ni Zambia. Upande ule lami imefika Nchelenge kwa miaka mingi sasa. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale, Kibemba kinasikika kwenye masoko ya pande zote mbili. Tofauti ni kwamba samaki wa upande ule hupanda gari akiwa mbichi, na wa upande huu hulazimika kukaushwa au kutiwa chumvi kabla hajaiona barabara. Hakuna anayeweza kusema kwamba udongo wa Zambia ni mwepesi kuliko wa Congo, au kwamba mvua ya Mweru inabagua.

Pweto ndipo ziwa linapogeuka mto. Luvua unatokea hapo na kwenda kuungana na Lualaba. Mwishoni mwa mwaka 2000 vita vilipita Pepa na Pweto, na maelfu ya watu wakavuka kukimbilia Zambia. Miaka iliyofuata, eneo lililo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto lilipata jina ambalo hakuna mkaaji wake anayelipenda, pembetatu ya kifo. Ni lazima kulikumbusha hilo, maana mara nyingi husemwa kwamba ubaya wa njia hii umeletwa na mvua. Mvua ilikuwapo kabla. Kilichopotea katika miaka ile ni watu waliokuwa wakiitunza.

Baada ya Pweto ndipo mlima unaanza kwa kweli. Nyanda za Marungu zinapita mita 2,000, na sehemu zake za juu zinafika zaidi ya mita 2,400. Mtu aliyetoka Katuba na shati la mikono mifupi hujuta. Miti inapungua, nyasi zinatanda, upepo ni wa baridi, na kule Pepa ni nchi ya ng'ombe, sifa iliyokuwa nayo tangu enzi za Wabeleji. Maharagwe na viazi vinamea vizuri. Ni mojawapo ya sehemu za Congo ambazo mgeni akifunikwa macho na kuteremshwa hapo hawezi kudhani yuko Congo.

Kisha njia inaanza kushuka. Kirungu iko juu, Moba-Port iko chini ziwani, na ziwa Tanganyika lenyewe liko kwenye mita zipatazo 770. Kutoka vilele vya Marungu hadi maji ni zaidi ya mita elfu moja na nusu za kuteremka, kwenye udongo, kwa gari ambalo mara nyingi ni kuukuu na limebeba kupita kiasi. Madereva wa njia hii wana sheria ambayo haijaandikwa popote: mlima unashukwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Anayeachia gari lijiendee na kutegemea breki, breki hupata moto, na breki iliyopata moto haishiki tena. Msaidizi wa gari hushuka na kutembea nyuma ya gurudumu akiwa na gogo mkononi, tayari kulitupa chini. Kazi hiyo haina bima wala jina kwenye karatasi yoyote, na hufanywa na kijana ambaye kwa kawaida hajafikisha miaka 25. Juu ya mzigo wamekaa abiria: akina mama, watoto, kuku, magodoro. Gari likilala upande, wao ndio wa kwanza kuanguka.

Kirungu ndiyo ile Baudouinville ya zamani. Ni hapo, mwaka 1917, Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alipopewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani. Kaskazini yake, kwenye ufuko, kuna Mpala, kituo kilichoanzishwa na Wabeleji mwaka 1883 na baadaye kukabidhiwa mapadri Weupe. Wakati huo watu walifika Mpala kwa mtumbwi, kwani hakukuwa na barabara. Mkaaji wa Mpala wa leo ana haki ya kuuliza ni nini hasa kilichobadilika.

Maana kwenda Kalemie kutoka Moba, abiria wengi huachana na barabara na kupanda boti. Ni uamuzi wa akili, lakini ni uamuzi wa kuchagua hatari moja badala ya nyingine. Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, upepo wake hauagani, na boti zinazojazwa kupita kiasi hazina koti la kuokolea kwa kila mtu. Barabara mbaya ya nchi kavu huwasukuma watu majini, na ajali ikitokea majini hakuna anayeiandikia barabara.

Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilijibu. Maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia kwenye nyumba, maduka na njia za Kalemie na Uvira, na familia nyingi zikahama. Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa hili, unapita hapo hapo Kalemie. Yeyote atakayechora upya barabara ya ufukoni bila kuhesabu kwamba maji yanaweza kurudi, atakuwa amejenga bwawa la samaki.

Kaskazini ya Kalemie njia inaendelea kupitia Bendera, Lulimba, Misisi na Fizi, inashuka Baraka, kisha inafuata ufuko hadi Uvira, mlima ukiwa kushoto na maji kulia, wakati mwingine kwa nafasi ya upana wa gari moja. Wanaoipita husema hakuna sehemu nzuri zaidi ya hiyo katika RN5 nzima. Lakini huko shida ya kwanza si tope tena, ni bunduki na vizuizi. Zaidi ya Uvira kuna Sange, ambako tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, likaua zaidi ya watu 230. Kisha Kamanyola, na mteremko wa Ngomo, ambao kwa miaka mingi madereva wamekuwa wakiukwepa kwa kupita ndani ya Rwanda, wakilipa viza na kupoteza muda ili tu wasiupande. Tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, Februari 2025, sehemu hiyo ya barabara imekuwa suala la vita, na mhandisi hawezi kutatua jambo la vita. Kwa hiyo hoja ibaki pale inapowezekana: Lubumbashi, Pweto, Moba, Kalemie. Huko kusini ya Kalemie hakuna kisingizio cha ukubwa ule.

Gharama ya njia hii inalipwa mezani. Lubumbashi inakula bunga la mahindi, na sehemu kubwa ya mahindi hayo hutoka Zambia na nchi zilizo mbali zaidi ya Zambia. Zambia inapofunga mpaka kwa mahindi yake, kama ilivyofanya zaidi ya mara moja, mfuko wa bunga hupanda bei Katuba ndani ya siku chache, na mama anayepika kwa ajili ya watu tisa huanza kupima kwa kikombe kile alichokuwa akipima kwa sahani. Wakati huo huo, mkulima wa Pweto au wa Pepa ana mahindi na maharagwe yanayoliwa na wadudu ghalani. Mfanyabiashara atakayemfikia atamlipa kidogo, kwa sababu amehesabu ndani yake siku za kukwama, matairi, vizuizi na matabishi. Mkulima anaona ameibiwa, mnunuzi wa Katuba anaona ameibiwa, na mwenye lori naye halali vizuri.

Kuna jambo ambalo halina bei ya soko. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, anayehitaji kupasuliwa, kijijini kati ya Pweto na Pepa wakati wa mvua, hubebwa kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili. Daktari anaweza kuwapo, dawa zinaweza kuwapo. Kijito kikiwa kimejaa, vyote hivyo viko ng'ambo.

Wenye mamlaka wana jibu, na si jibu la kijinga. Husema magari yanayopita njia hiyo ni machache mno kuhalalisha matumizi, na kwamba nchi ina barabara za maslahi ya taifa zipatazo kilometa 58,000, nyingi mno zikiwa za udongo. Lakini kuhesabu magari kwenye barabara isiyopitika ni sawa na kuhesabu waogeleaji kwenye mto wenye mamba, kisha kusema watu wa hapa hawapendi kuoga. Magari ni machache kwa sababu ya barabara.

Na kuna ushahidi kwamba pesa ikitaka kupita, hupita. Miaka michache iliyopita, wakati mti mwekundu wa mukula ulipokuwa ukitafutwa kwa ajili ya soko la China, malori yaliingia hadi ndani kabisa ya misitu ya Kasenga na Pweto. Vivuko vilipatikana, mashimo yalijazwa, magogo yakatoka. Mukula ulipokwisha kuvunwa, wenye malori waliondoka na kuwaachia wanavijiji makovu ya matairi. Hilo liwe onyo pia kwa wanaodhani barabara ni baraka tupu. Njia nzuri huleta mnunuzi wa maharagwe, na huleta pia mkataji wa miti na mchoma makala. Kundelungu na Upemba, hifadhi iliyoundwa mwaka 1939, tayari zina majeraha ya kutosha ya ujangili. Ikiwa barabara itatengenezwa bila walinzi wa misitu kulipwa, mandhari hiyo inayopigwa picha leo itakuwa ya kusimuliwa.

Tazama sasa upande wa shaba. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, na kutoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi, kuna lami na kuna vituo vya peaje. Congo imekuwa nchi ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, na malori ya shaba hayawezi kusubiri tope likauke. Hata Kasomeno, pale pale RN5 inapoelekea kaskazini, uliletwa mradi wa barabara ya kulipia ya kwenda Mwenda nchini Zambia, na daraja jipya juu ya Luapula, ili safari ya madini kuelekea Dar es Salaam iwe fupi. Si vibaya. Anayepinga daraja haelewi shida ya mto. Ila ni vigumu kutoona kwamba kwenye njia panda moja, mkono unaotoka nje ya nchi umepata wawekezaji, na mkono unaokwenda kwa ndugu umepata subira.

Pesa zipo, angalau kwenye karatasi. FONER, mfuko wa kitaifa wa matengenezo ya barabara, uliundwa mwaka 2008, na hulishwa na kila lita ya mafuta inayouzwa na kila franka ya peaje. Mkataba wa Sicomines na Wachina, uliopitiwa upya mwaka 2024, uliahidi dola milioni 324 kila mwaka kwa ajili ya miundombinu. Motari anayenunua lita mbili za mafuta Katuba anachangia barabara bila kujua. Ana haki ya kuonyeshwa, kwa majina ya madaraja, mchango wake umekwenda wapi. Taarifa ya namna hiyo ingeweza kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya komini. Ni karatasi moja.

Tatizo jingine lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Pweto ilibaki Haut-Katanga, Moba na Kalemie zikawa Tanganyika. Mpaka wa majimbo ukaangukia karibu na pale pale penye mlima, mahali ambapo matengenezo ni magumu zaidi. Gavana wa Lubumbashi akifika Pweto anaona kazi yake imekwisha. Gavana wa Kalemie anaanza kuhesabu kutoka upande wake. RN5 ni mali ya taifa, na Kinshasa iko mbali na vyote viwili. Magavana hao hawahitaji sheria mpya ili kukutana mara moja kwa mwaka, Pweto au Pepa, na orodha ya mahali pabaya mkononi. Wakipenda, waende kwa gari, wasiende kwa ndege.

Kazi zenyewe wazee wanazijua. Zamani kila kijiji kilikuwa na kantonye wake, mtu aliyepewa kipande cha barabara, jembe, chepe na kitoroli, na kazi yake ilikuwa kufungua mifereji, kujaza mashimo yakiwa bado madogo, kukata majani kando. Mtindo huo haujafa: Ofisi ya Barabara inautambua, na kamati za vijiji za matengenezo zimefanya kazi hiyo sehemu nyingi za nchi kila wafadhili walipoleta pesa. Wafadhili wakiondoka, malipo hukatika, na baada ya mvua moja mfereji uliozibuliwa huziba tena. Kulipa mishahara ya wakantonye kutoka Kasomeno hadi Pweto ni hesabu ndogo sana mbele ya kilometa chache za lami.

Kuna pia bariere ya mvua. Ni mti mmoja unaolazwa barabarani. Mvua ikinyesha, malori yanasimama kwa saa kadhaa hadi udongo ukauke, kisha yanaruhusiwa. Lori moja la tani 30 likilazimisha kupita kwenye udongo uliolowa, linachimba mitaro ambayo magari hamsini yatakayofuata yatazama ndani yake. Bariere hizo zipo bado mahali pengi, ila zimebadilika kazi: siku hizi mti hunyanyuliwa kwa anayelipa, mvua iwepo isiwepo. Kurudisha bariere kwenye kazi yake ya asili hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji mkuu wa wilaya anayeweza kumwambia mwenye lori, hata kama ni lori la mkubwa, asubiri.

Baada ya hapo ndipo madaraja na miteremko. Simenti na mawe kwenye sehemu za mteremko wa Marungu ambako matairi huteleza, hata kama ni vipande vya mita mia mbili mia mbili. Daraja la chuma mahali pa magogo yaliyooza. Buse kubwa kwenye vijito vya kando ya Mweru. Mtu anaweza kuendelea kuota lami, na siku moja ipatikane. Itakuta njia iliyokauka na yenye mifereji, na hapo itadumu. Lami iliyotandikwa juu ya maji yasiyo na pa kwenda haimalizi miaka mitatu, na Lubumbashi ina mitaa ya kutosha ya kuthibitisha hilo, Katuba ikiwemo.

Watu wa utalii nao wangefaidika, lakini waje wa pili. Siku mama wa ndakala atakapoweza kutoka Pweto Jumatatu na kuuza Katuba Jumatano, mgeni wa Lofoi ataweza kupita bila shida, na atakuta njiani mahali pa kulala na kula, kwa sababu wasafiri wa kila siku watakuwa wamekwisha kuvianzisha.

Mvua za kwanza za Lubumbashi hushuka kati ya Oktoba na Novemba, na huendelea hadi karibu Aprili. Miezi ya kuchimba mifereji na kuweka buse ni Mei hadi Septemba. Kantonye anayesubiri mshahara wa Mei akiupata Desemba, atakuwa ameshalikwenda shamba lake Juni, na mchanga utakuwa umeshajaa kwenye mfereji. Bajeti za majimbo yote mawili zinapaswa kuwa na mstari huo wenye tarehe ya malipo kando yake, na wabunge wa Katuba, ambao wapiga kura wao wanakula kile kinachopita au kushindwa kupita njia hiyo, wana kila sababu ya kuuliza mstari huo uko ukurasa gani.